Jasti Nau

Kigari chenyewe kilikuwa cha gofu, tena kikuukuu, kile kirefu chenye viti mistari mitatu ambacho kilabu moja ya Queensburgh, kitongoji cha Durban, ilikitumia kubebea wageni wasiopenda kutembea. Kilipochoka, kilabu ikakitupa nyuma ya banda la mashine za kukatia nyasi. Peguy, fundi umeme wa magari, mtu wa Bukavu huko Kongo, alikiona siku alipokwenda kutengeneza trekta yao. Alikizunguka, akakipigapiga ubavuni kama anayenunua mbuzi, akacheka peke yake, akakubaliana nao wamlipe nacho. Hakikuwa na mlango hata mmoja, wala kioo cha pembeni. Ukikaa ndani yake upepo unakupata kutoka pande zote, na hicho ndicho kitu alichokuwa akikitafuta mji mzima.

Mke wake, Valérie, hakuweza kukaa ndani ya gari lililofungwa. Si madeko. Walipokuwa wakiteremka kuja kusini, walivuka mpaka mmoja ndani ya lori la mizigo lililofungwa makufuli kwa nje, watu wamebanana gizani na hewa inaisha. Tangu hapo, mlango wa gari ukibamizwa nyuma yake, Valérie alitokwa na jasho akakosa pumzi. Miaka yote ya Durban alitembea kwa miguu. Akiwa hana budi kupanda taxi ya abiria kwenda soko la Warwick, ambako aliuza vitenge, alikaa dirishani na kufungua kioo hadi mwisho, mvua inyeshe isinyeshe, abiria wanune wasinune.

Sasa moyo ulikuwa umemwendea kombo. Daktari alisema umepanuka na unasukuma damu kwa shida. Miguu ikajaa maji, na kile kilima cha kwenda kanisani, alichokuwa akikipanda huku anaimba, kikamshinda kabisa. Peguy alijaribu kumsukuma kwa kiti cha magurudumu. Kwa jinsi barabara za Queensburgh zilivyoinuka, walifika nusu ya njia wakarudi, yeye amekikumbatia kiti kwa hofu ya kukiachia, Valérie ameshika breki kwa nguvu zote na kumwambia asimwue kabla ya wakati. Kwaya ya akina mama aliianzisha Valérie mwenyewe, na sasa Jumapili zilikuwa zikipita yuko kitandani, dirisha wazi, anasikiliza kama upepo utamletea sauti za wenzake. Alikuwa akilia kimyakimya, na Peguy alikuwa akijifanya hakuona.

Kwa hiyo azma yake ilikuwa moja tu. Akiandikishe kigari hicho kiruhusiwe barabarani, kipewe namba kama magari ya watu, naye ampeleke mke wake kanisani akiwa ameketi wima, anasalimia watu kulia na kushoto. Kukiendesha bila namba hakukufikirika. Mtu anayeishi kwa karatasi za kuomba hifadhi hachezi na askari wa barabarani.

Alikipeleka Pinetown, mji wa jirani, kwenye gereji ya bosi wake, Omar. Huyu Omar ni mzaliwa wa Durban, Mwislamu ambaye mababu zake waliletwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki zamani sana. Kiswahili chake alikiokota nusu kwa bibi yake na nusu kwa mafundi wake Wakongo, na hakuna aliyejua nusu ipi ingetoka mdomoni kwanza.

"Eish, bra Peguy," alisema, mikono kiunoni. "Hii kitu ni ya nyasi. Barabara ni maneno mengine."

"Niko naweka taa, patron. Niko naweka indiketa, honi, kila kitu."

"Hata ukiiweka mabawa, bra."

Lakini Omar ni mtu wa midomo mikali na moyo laini. Alimwachia kona ya gereji, akamwachia na vifaa vilivyosalia kwenye rafu, kisha akakipakia mwenyewe kigari kwenye trela siku ya kukipeleka kukaguliwa.

Mkaguzi alikuwa mama wa Kizulu, mpole, mwenye kicheko cha karibu. Alikizunguka kigari, akawasha taa, akabonyeza honi akacheka kwa furaha ya kweli, akamsifu Peguy kwa kazi safi. Kisha akaizima injini na kumweleza polepole, kwa Kiingereza cha kumhurumia. Gari haliandikishwi kwa ajili ya barabara eti kwa sababu limefungwa taa. Lazima waliolitengeneza wawe walilitengeneza kwa barabara na wathibitishe hivyo, na waliotengeneza hili walilitengenezea nyasi. Hapa hapakuwa na cha kurekebisha.

"Ndani ya geti hakuna shida, baba," alisema. "Uwanja wa gofu. Estate zenye ukuta wao. Makaburi. Lakini nje ya geti, hapana."

Kwao Peguy, ofisa akikataa huku anatabasamu, maana yake kuna upenyo na wewe ndiye wa kuutafuta. Akautafuta. Akauliza hivi, akauliza vile, akaeleza habari za Valérie na lori na kanisa, hadi macho ya yule mama yakalengwa na machozi. Lakini jibu lilibaki lilelile. Tabasamu lake lilikuwa tabasamu tu.

Aliporudi nyumbani alimkuta Valérie barazani. Alikuwa amesukwa. Agathe, jirani na mwenzake wa kwaya, alikuwa amekuja asubuhi na mapema kumsuka ili namba zikija zimkute amependeza. Mapajani alikuwa na kitenge cha njano alichokuwa akikishona kiwe kifuniko cha viti. Sindano ilikuwa hewani, na uso wake ulikuwa na ile nuru ambayo Peguy alikuwa hajaiona tangu ugonjwa uingie nyumba ile.

"Balisema nini, papa?"

Peguy alikuwa ametunga maneno ya ukweli njia nzima. Akaitazama ile sindano.

"Balisema iko bien," alijibu. "Kazi iko muzuri sana. Iko kintu kidogo tu ya kuongeza, kioo ya kuangalia nyuma. Kisha watatupa plake ya namba."

"Lini?"

"Jasti nau."

Neno lilimtoka tu. Na ni neno lenye historia nyumbani kwao. Siku waliyofika Durban, mwenye nyumba aliwaambia kwa simu wamngojee getini, anakuja na funguo *just now*. Kiingereza chao kilikuwa cha vitabuni, na vitabuni maneno hayo ni sasa hivi. Hawakujua kuwa mtu wa Durban akisema hivyo anamaanisha baadaye, Mungu akipenda, usimshike shati. Wakakaa juu ya mabegi yao pale getini, kila gari likipinda kona wanasimama na kujipangusa nguo. Mvua ikanyesha, ikakatika, ikanyesha tena. Mwenye nyumba hakuja kabisa. Tangu siku hiyo, kila kisichokuja kikawa na jina. Umeme ukikatika, utarudi jasti nau. Akina mama wa kanisani wakiuliza mtoto lini, Valérie aliwajibu jasti nau, wao wakasema amina, na wakiwa wawili chumbani yeye na Peguy walicheka mpaka ikafika mahali hawacheki tena.

Valérie alimtazama mumewe kitambo. Kisha akaangua kicheko, kikamwishia kwenye kikohozi.

"Jasti nau," alirudia, akijifuta macho. "Haya, papa. Funga hiyo kioo."

Peguy alidhani ni kicheko cha furaha. Mwanaume akishasema uongo na ukapokelewa, masikio yake huziba.

Basi kuanzia hapo uongo ukataka kulishwa. Baada ya vioo ikaja habari ya viakisi vyekundu vya nyuma. Baada ya viakisi, mikanda ya viti, ambayo Peguy aliifunga yote, kiti kwa kiti, kwa bolti za lori. Baada ya mikanda, waipa ya kioo cha mbele. Kila safari alikuwa akitoka nyumbani kwenda "kontrol", kama wanavyoita ukaguzi kwao, anazunguka mjini akiwa na roho nzito, anarudi na kasoro mpya aliyoibuni njiani. Na kila kasoro Valérie aliipokea kwa bidii. Aliuliza waipa itakuwa ya namna gani. Alichagua rangi ya viakisi ingawa vyekundu vina rangi moja. Nyuma ya kigari, mahali pa namba, Peguy alikuwa amechomelea fremu ndogo ya chuma na juu yake taa ya kuimulikia, na kila Jumamosi aliifuta vumbi fremu hiyo tupu.

Wakati huo kigari kilikuwa kimehamia uani kwao. Jumapili, kanisa likiwa limeanza kule juu, Peguy alimbeba mke wake akamketisha kiti cha mbele, wakazunguka ua mara chache, kutoka kwenye mfereji hadi getini na kurudi. Getini alisimama. Valérie alitazama barabara ile ng'ambo ya vyuma, akapungia watu mkono, akasema ah, ile siku nikitoka hapa Queensburgh yote itajua. Peguy alijikaza kisabuni. Usiku ule hakula.

Omar alimkasirikia waziwazi. "Mwambie mke wako, bra. Unamfanyia nini?"

"Nitamwambia."

"Mwambie wewe, asiambiwe na watu."

Lakini angeanzaje? Akilala chini ya kigari na spana mkononi, Peguy alikuwa akiimba, yeye ambaye hakuwahi kuimba, nyimbo za kwaya ya mke wake tena kwa sauti mbovu, na Valérie kutoka barazani alikuwa akimsahihisha. Ilikuwa furaha. Ya uongo, lakini ndiyo pekee iliyokuwamo ndani ya nyumba hiyo, na hakuwa na moyo wa kuizima.

Siku moja Valérie naye akaja na lake. Alitaka kiti cha katikati na cha nyuma viweze kulala, viwe bapa kama meza.

"Kontrol hawakuomba ile," Peguy alisema.

"Mimi ndiye naomba. Tutabeba ngoma za kwaya."

"Ngoma gani iko ndefu hivyo, mama?"

"Iko ndefu kama mimi. Fanya tu, papa."

Peguy alicheka, akafanya. Alikata, akaweka bawaba, akachomelea. Alipomaliza, viti vikalala vizuri kabisa, na Valérie akapitisha kiganja juu ya kitenge cha njano kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema umefanya kazi, mume wangu. Agathe, aliyekuwa jikoni akimwandalia uji, alitoka akaangalia, akarudi ndani haraka na hakutoka tena mpaka Peguy alipoondoka.

Mvua za msimu wa joto zilipoanza, pumzi ya Valérie ikawa fupi, na asubuhi moja midomo ikamgeuka rangi. Gari la wagonjwa likaja. Lilikuwa limefungwa, vioo vya rangi, milango miwili mizito nyuma. Valérie aliiona ile milango akamshika Peguy shingoni kwa mikono yote miwili. Kulikuwa na kigari uani, kina taa, kina mikanda, betri imejaa, kimefunikwa kitenge chake mwenyewe, na hakikuruhusiwa kuvuka geti. Peguy aliingia naye. Milango ilipofungwa Valérie alipiga kelele, na Peguy alilia pamoja naye njia nzima. Kilio hicho hakijamtoka masikioni hata leo.

Hospitali walimlaza karibu na dirisha. Wauguzi, baada ya kuelezwa, walilifungua. Siku ya tatu pumzi ilimrudia kidogo, na saa ya kutazama wagonjwa, jua likiwa kwenye shuka, alimwambia Peguy asogeze kiti.

"Wamesema nini tena, wale watu wa plake?"

Peguy hakuwa na kasoro iliyobaki. Alikuwa amefunga kila kinachofungika.

"Mama," alisema, "iko kintu sijakuambia."

"Uliniambia."

"Hapana. Mimi..."

"Siku ya kwanza kabisa. Nilikuuliza lini, ukasema jasti nau." Alitabasamu, midomo imekauka. "Papa, kwa nyumba yetu ile neno iko na maana ngapi?"

Kulikuwa na uongo elfu moja ambao Peguy angeweza kuusema siku ile: kesho, wiki ijayo, baada ya Krismasi, na yeye akachagua neno pekee ambalo kwa Valérie halikuweza kudanganya. Aliinamisha kichwa kwenye shuka.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza humohumo ndani ya shuka.

"Ulikuwa unaimba. Mwanaume haujaimba tangu uliponioa. Ningesema, ungeacha." Alimwekea mkono kisogoni, mwepesi mno. "Mimi nilijua sitapanda ile kilima tena. Nilitaka uwe na kazi ya mikono. Nilisema, kama ana kazi, hataniangalia sana."

Walikuwa wamedanganyana miezi yote hiyo, kila mmoja akimficha mwenzake machozi yaleyale. Peguy alilia kwa kwikwi bila kujali waliokuwa wodini.

"Nilimpigia Omar," Valérie aliendelea baada ya kupumzika. "Nikamwuliza ile kagari inaruhusiwa wapi. Hakutaka kusema. Nikamlazimisha. Aliniambia pale tatu yule mama wa kontrol alikuambia."

Uwanja wa gofu. Estate. Peguy aliinua uso. Akakumbuka viti vinavyolala kama meza, na ngoma ndefu kama yeye, na Agathe aliyekimbilia ndani na uji wake.

"Valérie. Hapana."

"Mpaka geti wanipeleke na gari yao ya kufunga, sitajua. Lakini kutoka geti, papa, unipeleke wewe. Nje. Na upepo." Akavuta pumzi. "Na usikimbize. Wenzangu watakuwa kwa miguu."

Alifariki wiki hiyohiyo, asubuhi, dirisha likiwa wazi.

Makaburi yako kwenye mteremko, geti chini, na njia nyembamba ya lami inayopanda kati ya misalaba. Gari la maiti lilisimama getini, jeusi, limefungwa. Kando yake Omar alikuwa ameshusha kigari kutoka kwenye trela, amekiosha mwenyewe hadi kinang'aa. Akina mama wa kwaya walikuwa wamevaa vitenge vya njano alivyowauzia Valérie, na Agathe alikuwa mbele, macho mekundu. Mwenye gari la maiti alinung'unika kuwa hajawahi kuona jambo kama hilo. Mlinzi wa geti naye akaja, akazunguka nyuma, akainama kwenye ile fremu tupu.

"Namba iko wapi, baba?" aliuliza kwa Kiingereza.

Omar ndiye aliyemwambia mlinzi kwa sauti ya chini kwamba ndani ya geti hakihitaji namba. Mlinzi akatazama jeneza, akatazama kitenge juu ya viti vilivyolala, akavua kofia na kufungua mabawa yote mawili ya geti.

Wakamlaza. Jeneza lilitosha kana kwamba limepimwa, na kwa kweli lilikuwa limepimwa. Peguy akaifunga mikanda juu yake, mmoja baada ya mwingine, ile aliyoifunga kwa ajili ya ukaguzi ambao haukuwapo. Akakaa kwenye usukani. Upepo wa bahari ulikuwa unapanda mteremko, ukainua ncha za kitenge, ukapita pande zote.

Aliendesha taratibu, kwaya ikimfuata kwa miguu. Kwenye njia panda ya kwanza, ambapo hapakuwa na gari jingine lolote, aliwasha indiketa ya kushoto. Iliwaka vizuri. Kwenye kona isiyoonekana vizuri alipiga honi. Sauti za akina mama zikapanda, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali Peguy naye akaimba, kwa sauti mbovu, akikosea mahali palepale pa siku zote. Safari hii hapakuwa na wa kumsahihisha.

Waliposhindilia udongo na kuweka maua, watu wakaanza kuteremka. Walimkumbatia, wakamwacha, mmoja mmoja, kama desturi. Gari la maiti lilikuwa limeshaondoka. Agathe alimshika mkono akamwambia kuna chakula nyumbani, wengine wamekwenda kukipasha, naye akaitikia kwa kichwa lakini hakunyanyuka. Alikuwa ameketi kwenye kigari, kiti cha mbele, upande ule wa Valérie, akitazama udongo mwekundu.

Omar alikuwa wa mwisho. Alikuwa na trela ya kufunga getini na kazi ya kukipakia kigari, maana nje ya pale palikuwa barabarani. Aliteremka hatua chache, akageuka.

"Bra Peguy. Unakuja?"

"Jasti nau," Peguy alisema.

Omar ni mtoto wa Durban. Alilisikia neno hilo kama linavyosikika mjini kwao, akaitikia "sharp," yaani sawa, akateremka mpaka getini na kuketi juu ya ukingo wa saruji kumngojea.